Mtunzi ni Nani? Mwanafunzi wa Sheria katika Utafiti wa Sheria za Mawasiliano na Burudani

Wanafunzi wa sheria wanaochagua kuandika tasnifu zao juu ya sheria za mawasiliano na burudani si wengi. Wengi huvutwa na sheria za ardhi, za jinai, za mikataba au za kodi, na hilo si ajabu. Walakini redio, televisheni, sinema, kanda za muziki, na siku hizi simu za mkononi, zimeingia katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, na sauti zipitazo humo kwa wingi ni za Kiswahili. Kwa hivyo mwanafunzi aingiaye katika fani hii hukuta kwamba nusu ya kazi yake ni ya sheria, na nusu ya pili ni ya lugha. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayonifanya nilete maelezo haya mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Jina la fani lenyewe lataka kuangaliwa. Mawasiliano ni neno lililojengwa juu ya kitenzi kuwasili, nalo lachukua maana ya watu kufikiana. Burudani asili yake ni shina la Kiarabu lenye maana ya ubaridi. Aliyeburudika ni mtu aliyepozwa moyo kama apozwavyo mwenye kiu. Sheria haina habari na ubaridi huo. Yenyewe yajua kazi, mwenye kazi, leseni, mkataba na fidia. Tena fani hii si sheria moja bali ni mkusanyo: ndani yake mna hakimiliki, mna sheria za masafa na leseni za utangazaji, mna sheria za ukaguzi wa filamu, za kashfa, za mikataba ya wasanii, na juu ya zote mna katiba. Mwanafunzi akijaribu kuzishika zote kwa pamoja atarudi mikono mitupu. Yafaa achague tendo moja dogo lililotendwa na watu, kisha alifuate hatua kwa hatua, akiuliza katika kila hatua ni sheria gani imeguswa.

Natuchukue mfano wa kubuni. Malenga amealikwa kwenye harusi katika kijiji cha Vanga, upande wa Kenya. Usiku anasimama mbele ya ngoma na kutunga papo hapo beti za kumjibu malenga mwenziwe. Hakuandika neno hata moja. Mgeni mmoja aliyeketi mbele anamnasa kwa simu, na baada ya wiki mbili beti zile zasikika katika kituo cha redio, zikitangulia tangazo la sabuni. Malenga hakuulizwa wala hakulipwa. Sasa tuihamishe harusi hiyo kilomita chache kusini, ngambo ya mpaka, katika kijiji cha Jasini, Tanzania. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, na pengine jamaa ni mmoja. Je, haki ya malenga ni ile ile?

Mwanafunzi akifungua Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 atakuta kwamba kazi ya fasihi, ya muziki au ya sanaa haistahili ulinzi mpaka iwe imeandikwa, au imerekodiwa, au imetiwa katika umbo la kushikika kwa namna nyingine. Akifungua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 atakuta maneno mengine: kazi hulindwa kwa sababu hiyo moja tu ya kuwa imebuniwa, bila kujali umbo lake wala ubora wake. Basi kule Jasini beti zilikuwa na mwenyewe tangu zilipomtoka mdomoni. Kule Vanga zilipata mwenyewe pale mgeni alipobonyeza simu yake, na hilo lazua swali gumu: mwenyewe huyo ni malenga, au ni yule mwenye simu?

Hapa ndipo neno mtunzi linapoingia, na ndipo wanachuoni wa Kiswahili wanapokuwa mashahidi katika kesi. Kutunga, kama wajuavyo wasomaji, ni kupitisha uzi katika ushanga. Mtunzi ni yule aliyezipanga shanga. Hatuwezi kusema kwamba aliyenunua sahani ya kuwekea shanga ni mtunzi wake, wala aliyezipeleka sokoni. Lakini Kiingereza cha sheria, katika nchi zilizoirithi mila ya Uingereza, kina neno moja kwa watu hawa wote. Sheria ya Kenya yaeleza kwamba katika kazi ya fasihi au ya muziki jina hilo ni la aliyeifanya au kuiumba kwanza; katika sauti iliyorekodiwa ni la yule aliyefanya matayarisho ya kurekodi; katika filamu ni la aliyefanya matayarisho ya kuitengeneza; na katika matangazo ni la mtangazaji wa kwanza. Kwa maana hii mwenye simu aweza kuitwa kwa neno lile lile aitwalo malenga, na kituo cha redio nacho vivyo hivyo. Sheria ya Tanzania ya 1999 imekwenda njia nyingine. Humo neno hilo lamaanisha mtu mwenye mwili aliyeibuni kazi, na haki za watendaji, za watayarishaji wa sauti na za watangazaji zimetengwa katika sehemu yao, zikaitwa hakishiriki. Mgawanyo huo unafanana na ule wa mkataba wa kimataifa uliofanywa Rome mwaka 1961 kwa ajili ya makundi hayo matatu.

Kwa maoni yangu neno hakishiriki lilichaguliwa vyema, kwa kuwa laonyesha kwamba haki hiyo yaishi karibu na nyingine lakini si hiyo. Tatizo li katika neno mtunzi. Mwanafunzi anayetafsiri sheria ya Kenya kwa Kiswahili na kuandika mtunzi kila palipo na lile neno la Kiingereza hatakuwa amekosea kwa kamusi, ila msomaji wake ataelewa kwamba malenga ndiye mwenye kila kitu, na sheria haikusema hivyo. Akiandika mtunzi kwa malenga na mtayarishi kwa mwenye simu, msomaji ataelewa sawasawa, lakini atakuwa ameficha kwamba sheria yenyewe imewaweka watu hawa wawili katika daraja moja. Jambo hili lataka kuamuliwa kwa makusudi, na lielezwe mwanzoni mwa tasnifu. Lisiachwe litokee lenyewe.

Malenga wa Vanga hata hivyo ana silaha ya pili. Sheria za nchi zote mbili zamtambua yeye kuwa ni mtendaji pia, na mtendaji ana haki ya kukataza onyesho lake lisinaswe bila idhini yake. Basi huenda akapoteza hoja ya utunzi na bado akashinda kwa hoja ya utendaji. Mwanafunzi mzuri hatosheki na mlango mmoja.

Swali la aliyesema na aliyenasa si jipya, wala halikuanza na simu. Mwaka 1900 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ijulikanayo kwa majina ya Walter na Lane. Lodi Rosebery alikuwa ametoa hotuba hadharani. Waandishi wa gazeti la The Times walizichukua kwa hati mkato na kuzichapisha. Baadaye John Lane alizitoa katika kitabu, akichukua maneno kutoka gazetini. Rosebery mwenyewe hakudai kitu. Malodi waliamua, kwa kuifasiri sheria ya 1842, kwamba waandishi wale ndio wenye hakimiliki ya taarifa walizoziandika, kwa kuwa kuisikia hotuba na kuiandika ikawa hotuba yataka ustadi. Mmoja wao, Lodi Robertson, alikataa. Yeye aliona kwamba kazi ya mwandishi wa namna hiyo haina tofauti na ya mashine ya kunasa sauti. Mwanafunzi wa leo asiupuuze upande ulioshindwa. Mwenye simu pale harusini hana hati mkato wala ustadi wa kusikia. Anacho kidole tu.

Sasa wasomaji wa jarida hili nawaiangalie kesi hiyo kwa upande wao. Miaka ile ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, huko Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa akimsaidia W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa amekwisha kufa mwaka 1840. Mengi yalikuwa yamehifadhiwa vifuani mwa watu. William Hichens aliyatoa katika kitabu mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya mshairi kufariki. Kwa sheria hakuna leo awezaye kuzuia mashairi ya Muyaka yasisomwe. Lakini natuulize kama zoezi: kwa kanuni ile ya Walter na Lane, nani angekuwa mwenye haki katika maandishi yale siku yalipoandikwa? Si Muyaka. Pengine hata si Taylor. Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya Mwalimu Sikujua, aliyesikia, akachagua, akaandika na kufasiri maneno yaliyokwisha kuwa magumu. Sijaona tasnifu iliyolishughulikia jambo hili, nalo linafaa.

Maswali kama haya hayana ubishi wa kelele. Yapo mengine yaliyotikisa nchi nzima, na kwa mwanafunzi wa mawasiliano hakuna kesi ya Afrika ya Mashariki yenye mafunzo mengi kuliko ile ya Tume ya Mawasiliano ya Kenya na kampuni ya Royal Media Services pamoja na wenziwe, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 29 Septemba 2014. Asili yake ni mapatano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyoweka Juni 2015 kuwa mwisho wa televisheni ya mfumo wa zamani wa analojia katika nchi nyingi. Katika mfumo mpya wa dijitali kituo hakirushi picha zake chenyewe. Huzikabidhi kwa msambazaji mwenye leseni. Kenya ilitoa leseni mbili: moja kwa Signet, iliyo tanzu ya shirika la utangazaji la taifa, na ya pili kwa kampuni ya Kichina, Pan African Network Group. Baadhi ya makampuni makubwa ya habari ya nchini yaliungana kuomba leseni yakashindwa katika zabuni, kisha makampuni matatu yakaenda mahakamani. Yalidai pia kwamba StarTimes na GOtv walikuwa wakiyachukua matangazo yao na kuyarusha bila idhini.

Tazama jinsi mambo mawili yalivyofungwa katika mtumba mmoja. Dai la kwanza ni la masafa, na masafa ni mali ya umma inayogawanywa kwa leseni. Dai la pili ni la hakimiliki, na hiyo ni mali ya mtu. Mahakama Kuu iliyakataa madai mnamo Desemba 2013. Mahakama ya Rufaa iliyakubali mwezi Machi 2014, na kusema pia kwamba tume yenyewe haikuwa chombo huru kama itakavyo Ibara ya 34 ya katiba. Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Juu ya hakimiliki ilisema kwamba palikuwa na kanuni iliyomlazimu msambazaji kuyabeba matangazo ya vituo vya bure ili wananchi wasikose kuyaona, na kwamba kuyabeba kwa namna hiyo kumo ndani ya matumizi ambayo sheria imeyaruhusu. Juu ya leseni haikuwafukuza walalamikaji mikono mitupu: iliagiza maombi yao yafikiriwe, na taarifa iletwe baada ya siku 90. Jaji Mkuu Willy Mutunga alikubaliana na wenziwe, lakini akaandika maoni yake mbali.

Namshauri mwanafunzi asome hukumu zote tatu kwa utaratibu wa tarehe, bila kuanza na ya mwisho. Anayeanza na ya mwisho huwaona majaji wa Mahakama ya Rufaa kuwa ni watu walioteleza tu, na hivyo hukosa kuona uzito wa hoja zao juu ya Ibara ya 40, inayolinda mali pamoja na mali ya ubunifu. Kisha asiishie kwenye hukumu. Mwezi Februari 2015, masafa ya analojia yalipofungwa, vituo vinne vya televisheni vilitoweka hewani kwa muda wa majuma matatu hivi. Hayo hayamo katika hukumu, kwa kuwa yalitokea baada yake. Yamo katika magazeti. Na mwanafunzi aliyekwisha kusoma maana ya neno lile la Kiingereza katika sheria ya Kenya ataelewa jambo moja ambalo msomaji wa kawaida haelewi, nalo ni kwamba vituo vile vilisimama mahakamani vikiwa ni wenye kazi kwa haki yao vyenyewe. Waliotunga nyimbo na michezo iliyomo katika matangazo hayo hawakuwa wahusika wa kesi.

Nchini Tanzania mwanafunzi hana budi kuuliza swali la kutangulia mengine yote: jambo hili li chini ya Muungano au la? Posta na simu ni mambo ya Muungano. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na chombo chake. Leseni na maudhui ya utangazaji Zanzibar yako chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, ambapo upande wa Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 kwa kuunganisha tume mbili zilizokuwapo kabla yake. Basi wimbo mmoja wa taarab ukirekodiwa Unguja na kupigwa redioni Unguja na Dar es Salaam waguswa na mamlaka kadhaa katika safari ya baharini ya saa mbili. Tasnifu nyingi husema tu “sheria ya Tanzania”, na hapo hapo huwa zimekwisha kupotea.

Vitabu na hati za kufanyia kazi havipatikani kwa shida kama zamani. Hukumu za Kenya hutolewa bure na Baraza la Taifa la Taarifa za Sheria, na za Tanzania zapatikana katika hazina ya mtandaoni iitwayo TanzLII. Shida iko katika kanuni ndogo, zile zitangazwazo katika Gazeti la Serikali, kwa kuwa hubadilika upesi huku sheria mama ikikaa vile vile. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ni ya mwaka 2010. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotungwa chini yake zilitolewa 2018, zikatungwa upya 2020, kisha zikarekebishwa 2022. Anayenukuu ya 2018 kana kwamba ingali na nguvu amejenga nyumba juu ya mchanga. Mikataba ya wasanii nayo ni ya siri, imefungwa makabatini mwa makampuni, na hapo hapana njia ila kwenda kwa watu wenyewe na kuwauliza, kwa adabu, na kwa Kiswahili chao. Mwanafunzi atasikia mara nyingi msanii akisema kwamba kazi yake haina ulinzi kwa sababu hakuiandikisha. Kauli hiyo si sahihi: Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, hauruhusu haki ya mtunzi wa nchi nyingine mwanachama ifungwe kwa sharti la kuandikisha, na sheria ya Tanzania ya 1999 haikuweka sharti hilo hata kwa mwananchi. Kuandikisha ni ushahidi tu, ingawa ni ushahidi mzuri.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya marekebisho, Namba 1 ya mwaka huo, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki cha kutumiwa pale haki itakapohitaji. Tangu hapo swali la mtunzi si la darasani tena. Hakimu wa wilaya atakayemsikiliza malenga wa Jasini atasoma neno la Kiswahili, naye atalipa maana aliyoikuta katika Kiswahili. Wafasiri wa sheria wakiandika mtunzi, yeye atafikiri ushanga na uzi.

Imebaki sehemu moja, nayo iko nyumbani kwetu. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam hati nyingi za Kiswahili pamoja na kanda za sauti, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Redio zetu nazo zina kanda za ngoma, dansi na mashairi tangu miaka ya 1950 na 1960. Mwanafunzi atakayezifanyia utafiti atauliza kwanza tarehe, kwa kuwa ukanda uliorekodiwa kabla ya Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1966 ulizaliwa chini ya sheria ya Uingereza ya 1911 iliyoenezwa huku, na uliorekodiwa baada yake una mlezi mwingine mpaka 1999. Kisha atauliza jina la aliyekariri, na kama jina hilo liliandikwa kwenye kasha au liliandikwa la mkusanyaji peke yake. Kisha atauliza aliyekariri alilipwa nini, na aliambiwa nini juu ya matumizi ya sauti yake kabla ya mashine kuwashwa. Mara nyingine jibu la swali hili la mwisho limo katika ukanda wenyewe, mwanzoni, kabla ya ubeti wa kwanza, pale mkusanyaji na mkariri wanaposalimiana. Kwa hivyo anayenakili kanda hizo asianze kuandika pale shairi linapoanza.